Tupeane uzoefu: Umeme ulipokatika baada ya kimbunga, familia yako iliishije?

MamaPacha_Houston

Salaam wakuu.

Msimu wa vimbunga huku unaanza Juni 1 na kuisha Novemba 30. Kila mwaka naona ndugu zetu wapya wanahamia Houston, na wote wanauliza habari za kimbunga chenyewe: upepo wake ukoje, maji yanafika wapi. Siku zinazofuata baada ya upepo kutulia hakuna anayeziuliza, na mimi ndizo zilizonitesa. Naomba kila aliyepitia aseme alifanya nini na alikosea wapi. Chakula, maji, dawa, watoto, wazee. Usione aibu. Naanza mwenyewe.

Kimbunga Beryl kilitua Matagorda, pwani ya Texas, alfajiri ya Jumatatu, Julai 8, 2024. Wiki moja kabla kilikuwa daraja la tano, lile kali kuliko yote, kule Karibiani. Kwetu kikaja daraja la kwanza, tukaambiana kimeshachoka. Baba watoto hakununua hata maji ya ziada. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi feni ya dari ikaanza kuzunguka polepole, polepole, ikasimama. Kwetu ilisimama siku sita. Tulikuja kusikia baadaye kuwa wateja zaidi ya milioni 2 walikuwa gizani kama sisi.

Mchana upepo ulikuwa umekwisha na jua likatoka kali. Hapo ndipo nilipojua nyumba za huku zimejengwa kwa kutegemea kiyoyozi. Dari fupi, zulia ukuta hadi ukuta, madirisha mengine hayafunguki kabisa. Kwetu Tanga tungetandika mkeka barazani tukapunga upepo wa bahari. Huku usiku wa pili kipimajoto cha chumbani kilisoma nyuzi 33 na hewa haisogei. Pacha wangu walikuwa na miaka mitatu. Niliwavua nguo zote, nikaloweka khanga mbili, nikazikamua, nikawafunika nazo kwenye vigae vya jikoni maana ndipo palipokuwa na ubaridi. Kila baada ya saa moja nilikuwa nazirudisha kwenye beseni. Mpaka leo nikiishika ile khanga nawaona walivyolala, mmoja kashika mguu wa mwenzake.

Makosa yangu ni mawili. La kwanza friza. Nilikuwa na nyama ya mbuzi wa shughuli ya mdogo wangu, na kila nusu saa nafungua nione kama imeyeyuka. Friza iliyojaa usipoigusa inatunza baridi kama saa 48, ikiwa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Mimi ya kwangu niliiua kwa mikono yangu, Jumanne jioni damu inachuruzika sakafuni.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Mama mkwe ana sukari. Insulini yake nikaichukua kwenye friji nikaizika katikati ya barafu kwenye kasha la baridi, nikaona nimemwokoa. Mfamasia ndiye aliyenishtua kwa simu: insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka haifai tena. Ilibidi tuendeshe gari mpaka upande wenye umeme kutafuta nyingine. Inatakiwa uifunge kwenye taulo kavu kwanza, isigusane na barafu. Ile unayoitumia inavumilia nje ya friji kama siku 28, ila joto lisizidi nyuzi 30, na kwangu lilizidi.

Na upande wenye umeme tuliujuaje? Ramani ya kampuni ya umeme ilikuwa haifanyi kazi. Watu wakagundua programu ya simu ya mgahawa wa Whataburger: tawi lililo wazi linaonekana kwa rangi ya chungwa, lililofungwa kijivu. Palipo na chungwa pana umeme. Nilimpeleka mama mkwe kwa ramani hiyo, akakaa ndani ya kiyoyozi kwa muda wa saa tatu na chai yake.

Haya, karibuni.

Mama_Gulfton

Asante dada kwa kufungua mada. Mimi ni Mkongo wa Fizi, nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka 14 kabla ya kuletwa Houston. Siku ile umeme ulipokatika bwana yangu alisema sisi watu wa kambi, giza tunalijua, hatuna shida. Nataka kusimulia hilo hilo, maana ujuzi wa kambi nusura utumalizie watoto.

Jiko letu ni la umeme. Siku ya pili watoto walikuwa hawajala kitu cha moto, wanalia bugali. Bwana akanunua mfuko wa mkaa na jiko dogo la kuchomea nyama, akapika nje kwenye ngazi vizuri tu. Jioni mvua ikaanza kunyesha, akaliingiza ndani karibu na dirisha. Tukala bugali na sombe (majani ya muhogo), tukashukuru Mungu. Mkaa ulikuwa bado mwekundu. Akauacha pale kwa ajili ya chai ya asubuhi, akisema hautoi moshi tena, hauna neno.

Binti yangu wa miaka 9 akasema mama, kichwa kinaniuma. Mdogo wake akatapika. Nikafikiri ni sombe, labda imelala. Mimi mwenyewe magoti yalikuwa mazito, nikasema ni joto na uchovu. Tungelala hivyo.

Mlango ukagongwa. Jirani yetu anatoka Honduras, hajui Kiswahili na sisi hatujui Kihispania. Alikuwa anarudisha sufuria yangu. Akachungulia juu ya bega langu, akaliona lile jiko ndani. Sijamsikia mtu akipiga kelele vile. Akaniacha mlangoni, akamnyanyua mtoto wangu kama wake, akatoka naye mbio, anarudi, anamvuta mwingine kwa mkono. Mume wake akafunga taulo kwenye mikono akalitoa jiko mpaka uwanjani. Hewa ya nje iliponigusa nikaanguka kwenye nyasi.

Hospitalini muuguzi mmoja wa kwetu akatueleza. Kule Nyarugusu jikoni ni udongo na majani juu, hewa inapita kila upande, na mara nyingi tunapika nje. Apatimenti ya huku imezibwa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoke, kwa hiyo na sumu ya mkaa haitoki. Hata mkaa mwekundu usio na moshi unatoa gesi ya sumu. Tumezaliwa na mkaa, tumekula kwa mkaa, na hakuna aliyetuambia.

Wenzangu mliotoka kambini, tafadhali, waambieni wazee wenu nyumbani kwa lugha wanayoisikia. Karatasi za Kiingereza tulipewa, zilikuwa juu ya friji.

Mlezi77

Pole sana mama. Nimesoma mara mbili.

Nafanya kazi ya kulea wazee, haya nimeyaona. Gesi hiyo ni kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Mkiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa, kizunguzungu na kutapika kwa wakati mmoja, msianze kutafuta chakula gani kimewadhuru. Tokeni nje kwanza, kisha pigeni 911, namba ya dharura. Jenereta iwe mita 6 au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, na moshi wake uelekee mbali na nyumba. Gereji hapana, hata mlango ukiwa wazi. Gari nalo lisiungurume ndani ya gereji kwa ajili ya kuchaji simu. Februari 2021, barafu ilipoangusha umeme Texas, watu walikufa kwa njia hizi hizi. Kengele ya gesi hiyo inayotumia betri ni ya bei nafuu, nunueni leo.

BintiMaskati

Assalaam alaykum. Mimi si wa Marekani, ila mmenirudisha nyuma sana.

Kimbunga Gonu kilitupiga Maskati, Oman, Juni 2007. Nilikuwa na miaka 16, tunakaa Ghubrah, na bibi yangu aliyezaliwa Unguja alikuwa hai. Oman watu walikuwa hawajazoea kimbunga cha namna ile. Wadi, yaani mabonde ya mito, zilizokuwa kavu mwaka mzima, watoto wanacheza mpira humo, zilishuka kutoka milimani na magari. Qurum ilijaa maji. Watu karibu 50 walifariki, Mungu awarehemu.

Umeme ukakatika, na kwetu umeme na maji ni kitu kimoja. Maji ya Maskati yanatoka baharini, yanachujwa chumvi kwenye mitambo mikubwa, na mitambo iliposimama bomba zikakauka. Hebu fikirieni, barabara zimejaa maji na ndani huna la kunywa. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa amejiandaa. Usiku wa kuamkia kimbunga alijaza kila kitu chenye mdomo: madumu, sufuria za pilau, beseni za kufulia, mpaka birika la kahawa. Wajomba wakamwona anasumbuka bure. Akawajibu kuwa yeye amekulia nyumba ya kisima na ndoo.

Tangi letu la juu lilikuwa na maji kiasi, pampu ndiyo ilikuwa haina umeme ya kupandishia mengine. Gari la maji lilipofika mtaani baada ya siku nyingi, lilijaza tangi la chini tu. Wajomba wale wale wakafunga kamba kwenye ndoo wakayateka kama kisimani, sisi wasichana tumepanga mstari kwenye ngazi, ndoo inapita mkono kwa mkono mpaka darini. Bibi alikuwa chini kwenye kiti, anahesabu ndoo. Kila nyumba jirani ilipewa kumi kabla ya sisi kujaza za kwetu. Mama alitaka kusema neno, bibi akamtazama tu.

Kwa hiyo maji, jamani. Jazeni kabla.

Mkilwa

Sisi wa Kilwa, kimbunga Hidaya kilitukuta Mei 2024. Jumamosi ya tarehe 4 kilifika Mafia kikapungua nguvu, TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wakatangaza, tukashusha pumzi. Ila mvua zake zilikata barabara ya Dar pale Somanga, magari yakakwama huku na huku. Umeme kwangu ulikosekana, lakini sikulia na umeme. Mke wangu alikuwa mjamzito wa miezi minane na rufaa yake ilikuwa Dar. Nilikuwa naamka usiku kumsikiliza anavyopumua. Alhamdulillah alijifungua salama baada ya barabara kutengenezwa. Somo kwangu: mwenye mjamzito au mgonjwa amsogeze mapema, ukisikia tangazo tu, usingoje mawingu.

Katy_Mpya

Nashukuru wote. Nimehamia Katy, karibu na Houston, mwezi huu, sina ndugu hapa. Swali kwa MamaPacha: chakula kilichoharibika mlifidiwa?

MamaPacha_Houston

Kidogo. Mwaka ule FEMA, shirika la serikali la maafa, walikuwa wanatoa dola 750 kwa kaya kwa mahitaji ya haraka, na wakimbizi na wenye green card tuliruhusiwa kuomba. Wanaopata msaada wa chakula wa SNAP waliweza kurudishiwa thamani ya kilichoharibika, ila unatakiwa utoe taarifa ndani ya siku 10. Kanuni hubadilika, piga 211, namba ya kuulizia misaada, uulize za sasa, omba mkalimani wa Kiswahili. Na piga picha kabla hujatupa chochote. Mimi nilitupa mbuzi mzima kwa hasira ya harufu, bila picha hata moja.

Mama_Gulfton, niko dakika kumi kutoka kwako na sikujua. Nimelia.

Katy_Mpya

Samahani, moja la mwisho. Nina mtoto wa wiki saba, anatumia maziwa ya kopo. Maji na umeme vikikatika namfanyaje?

MamaPacha_Houston

Tafuta yale maziwa yaliyokwisha kuchanganywa, yako kwenye chupa ndogo ndogo za mlo mmoja. Hayahitaji maji wala friji mpaka uyafungue. Akianza kunyonya, kinachobaki baada ya saa moja mwaga, usimwekee. Nunua ya siku saba, andika tarehe ya mwisho juu ya boksi, weka chini ya kitanda pasipo joto. Chuchu safi za chupa weka nyingi kwenye mfuko uliofungwa, kuosha kutakuwa shida.

Nimekutumia namba yangu ya simu kwa ujumbe binafsi. Jumamosi nakuja na Mama_Gulfton akikubali, tukaangalie madirisha yako yapi yanafunguka.

Mama_Gulfton

Nakubali. Nitakuja na kengele moja ya betri, tulinunua mbili.