Droni inazunguka badala ya kutulia angani: je, niitume kupiga picha za mikoko?

MwanaHori (Kisauni):

Assalamu alaikum, mafundi wa jukwaa. Nimeunda droni ya mota nne, yenye propela za inchi 10 na betri ya seli nne, kwa ajili ya kikundi chetu cha vijana kinachopanda mikoko kandokando ya hori ya Tudor. Lengo letu ni kupiga picha kutoka juu mara kwa mara ili tujue miche ipi imeshika na ni wapi maji ya bamvu (yanayojaa na kupwa kuliko kawaida) yameing'oa. Bodi inayoiongoza ni ya aina ya H743, nimeipakia programu ya urukaji ya ArduPilot, na njia ya safari naichora kompyutani kwa Mission Planner.

Katika hali ya Stabilize, ambapo naiongoza kwa mkono, droni inanitii vizuri, na katika AltHold, ambapo inajishikia kimo yenyewe, hainipi shida kubwa. Nikiiweka katika Loiter, ambapo inatakiwa isimame mahali pamoja bila mimi kugusa rimoti, huanza kuzunguka; duara huwa dogo kwanza, kisha hupanuka mpaka nalazimika kurudi Stabilize na kuishusha kwa mkono. GPS inaonyesha setilaiti za kutosha, na dira niliisawazisha juu ya paa la nyumba yetu kwa kufuata maelekezo yote. Rafiki yangu ananishauri niachane na Loiter na niende moja kwa moja kwenye Auto, yaani hali ya kufuata yenyewe njia niliyoichora, kwa hoja kwamba safari ya kupiga picha ni ya kwenda mbele, si ya kusimama. Je, ushauri huo una mashiko?

FundiLikoni:

Wa alaikumu salaam, ndugu yangu. Hauna mashiko hata kidogo, na nakusihi usiufuate. Loiter, Auto na RTL (hali ya kurudi nyumbani yenyewe) zote hutegemea makadirio yale yale ya mahali droni ilipo na upande ambao pua yake imeelekea. Tofauti ni kwamba katika Loiter kosa unaliona likiwa mita chache kutoka kichwani pako, ilhali katika Auto utaliona droni ikiwa imeshafika katikati ya hori.

Kuzunguka huko kwa duara linalopanuka ni dalili mashuhuri ya dira inayodanganya. GPS huiambia bodi kwamba ipo hapa au pale, lakini droni inapokuwa imetulia, GPS ya kawaida haiwezi kuiambia imeelekea wapi. Kazi hiyo ni ya dira. Sasa chukua mfano dira imekosea kwa digrii 40. Upepo ukiisukuma droni kuelekea magharibi, bodi huamuru irudi mashariki, lakini kile inachodhani ni mashariki ni kaskazini-mashariki, kwa hiyo inakwenda mshazari. Ikifika huko inagundua kwamba bado imekosea mahali, inajisahihisha tena, tena kwa mshazari, na masahihisho hayo yakifuatana ndiyo hayo mazunguko unayoyaona.

Nashuku sababu mbili, na inawezekana zote zipo. Ya kwanza ni paa. Ikiwa ni la zege, kama mapaa mengi ya huku, limejaa nondo, na kusawazisha dira juu ya nondo ni kuifundisha bodi uongo. Nenda katikati ya uwanja wa mpira, mbali na magari na nguzo za chuma, toa simu na funguo mfukoni, kisha urudie zoezi zima.

Ya pili, ambayo ndiyo huwasumbua watu wengi zaidi, ni mahali dira ilipofungwa. Bodi nyingi za H743 hazina dira ndani yake, kwa hiyo bila shaka unatumia ile iliyomo katika kifaa cha GPS. Waya za betri zinapopitisha makumi ya ampea hutengeneza usumaku wake wenyewe, unaopanda na kushuka kila unapoongeza au kupunguza nguvu za mota. Usawazishaji wa uwanjani hauwezi kuliondoa kosa la namna hii, kwa sababu wakati ule mota zimezimwa. Inua GPS juu ya mlingoti wa plastiki wa sentimita 10 au zaidi, sokota waya chanya na waya hasi za betri pamoja ili usumaku wake ujifute, ondoa skrubu za chuma zilizo karibu, na uhakikishe mshale wa kifaa unaelekea mbele ya droni, la sivyo uieleze bodi mwelekeo wake katika parameta ya COMPASS_ORIENT.

Kabla ya kukata waya wowote, fungua kumbukumbu za mruko wako wa mwisho, yaani faili ambamo bodi huandika vipimo vyake. Chora nguvu ya usumaku na nguvu ya mota katika grafu moja. Zikipanda na kushuka pamoja, umeshampata mwizi. Tena, usilinganishe na namba za video za Ulaya. Huku kwetu Pwani usumaku wa dunia una jumla ya takriban miligausi 340 (miligausi ni kipimo cha usumaku), wakati Ulaya ya kaskazini hukaribia 500, na nimewaona watu wakihangaika kurekebisha dira ambayo ilikuwa nzima kwa sababu tu ya namba hizo. Lipo pia jaribio la Compassmot, ambalo hukupa asilimia ya usumbufu wa mota kwa dira: chini ya 30 inakubalika, na juu ya 60 huna budi kuihamisha dira.

MwanaHori:

Shukrani sana, kaka. Paa ni la zege kweli, na katika grafu mistari miwili inapanda pamoja bila shaka yoyote. GPS niliifunga juu ya bamba la betri, sentimita chache tu kutoka kwenye waya. Nitajenga mlingoti. Baada ya hapo, je, naweza kuituma safari ya Auto?

Kusi_na_Kaskazi (Mtwapa):

Ukishaona imetulia katika Loiter siku yenye upepo, ijaribu kwanza RTL, kwa maana hiyo ndiyo itakayokuokoa mambo yakiharibika, na namba ambazo ArduPilot huja nazo hazikuandikwa kwa kufikiria minazi. RTL huipandisha droni hadi mita 15, kisha huirudisha nyumbani kwa mstari mnyoofu. Minazi yetu mirefu hupita mita 20, na mingine hukaribia 30. Pandisha kimo hicho, kiitwacho RTL_ALT, hadi uvuke mti mrefu kuliko yote katika eneo lako, uongeze na akiba juu yake. Uzio wa angani, yaani mpaka unaoizuia droni isiende mbali, nao huja na nusu kipenyo cha mita 300 na kimo cha mita 100, lakini haufanyi kazi mpaka uuwashe.

Betri ni vivyo hivyo. Kiwango cha onyo cha BATT_LOW_VOLT huja kikiwa volti 10.5, ambacho ni cha betri ya seli tatu. Kwa seli zako nne hiyo ni volti 2.6 kwa seli, na betri itakuwa imekufa kabla ya onyo kutoka. Weka volti 14.0, yaani 3.5 kwa kila seli, kisha uchague kitendo cha kurudi nyumbani, kwa sababu bila kuchagua bodi huishia kuonya tu. Pima pia volti kwa mita ya mkononi uone kama bodi inasoma sawasawa.

Nyumbani, kwa lugha ya droni, ni pale ulipoziwasha mota. Nalisema hili kwa kuwa watu wa mikoko hupenda kurushia mtumbwini. Bodi huhitaji kutulia kabisa inapowashwa, na mtumbwi hautulii. Tena mtumbwi ukisogea, droni itarudi kwa uaminifu mahali ulipokuwa na kutua majini. Rushia ardhini.

Kuhusu upepo, Kusi kikivuma husukuma kuelekea bara, kwa hiyo safari ya kwenda ndani ya hori ni nyepesi na ya kurudi ni mzigo. Panga mistari ianzie upande unakotoka upepo na uweke nyumbani upande unakoelekea, ili betri inayochoka irudi ikisaidiwa. Picha zenyewe zirudiane, kila moja ionyeshe asilimia 75 hivi ya eneo la jirani yake, na uruke wakati wa maji kupwa ya bamvu, ambayo kwetu huangukia asubuhi kabla ya adhuhuri. Programu za kuunganisha picha hutafuta alama zinazojirudia, na maji yanayochezacheza hayana alama. Picha za maji kujaa zitakupa ramani yenye matundu.

MlinziWaAnga:

Samahani kwa kuingilia, lakini hakuna aliyetaja mahali. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani zinataka chombo kisajiliwe na mrushaji awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, zinaweka kikomo cha futi 400, na zinakataza kuruka ndani ya kilomita 10 za kiwanja kikubwa cha ndege bila idhini. Uwanja wa ndege wa Moi uko Port Reitz. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa, pamoja na hori ya Tudor, imo ndani ya duara hilo. Ongeza bandari ya Kilindini na kambi ya wanamaji ya Mtongwe. Kwamba droni yako umeiunda mwenyewe hakukuondoi katika sheria. Kwa majaribio ningekwenda upande wa Mtwapa, ambako uko mbali na duara hilo, na kwa kazi ya Tudor ningeomba idhini kwa maandishi kwa jina la kikundi kabla ya kuchora mstari wowote.

MwanaHori:

Nimeyasikia, na barua ya maombi tunaiandika. Mlingoti nimeujenga, dira nimeisawazisha uwanjani, na mazunguko yamekwisha; Loiter inasimama imara. Kilichobaki ni kimo: hupanda na kushuka kama mita moja au mbili, hasa upepo unapovuma na jua likiwa kali.

FundiLikoni:

Hiyo sasa ni barometa, si dira. Kihisi hicho hupima kimo kwa mgandamizo wa hewa, kwa hiyo upepo unaokipiga moja kwa moja hukipotosha, na mwanga wa jua nao hukivuruga. Kifunike kwa kipande cha sponji yenye matundu ya kupitisha hewa, uifunike bodi yote ili jua lisiifikie, lakini usiizibe kabisa kwa gundi. Ukiwa hapo, tazama pia mtetemo katika kumbukumbu: ukiwa chini ya 30 (mita kwa sekunde kwa sekunde) huna wasiwasi, na ukikaribia 60 sawazisha propela kwanza, kwa sababu mtetemo mkubwa nao huharibu kimo na sponji haitakusaidia.