Seli za sola za kuchapwa kwenye hewa ya kawaida: kikwazo ni mashine au hewa ya Dar?

Mchapaji_Gerezani:
Habarini wakuu. Nachapa fulana na mabango hapa Gerezani. Mdogo wangu aliye chuo kanionyesha habari za seli za sola za perovskaiti (aina ya fuwele inayogeuza mwanga kuwa umeme), kwamba zinachapwa kwa wino, na siku hizi kuna wanaozichapa nje ya kile kiboksi kilichojazwa naitrojeni kuzuia hewa na unyevu, kwenye hewa hii hii tunayovuta. Tangu siku hiyo sina raha. Skrini za kuchapia ninazo, vijana wenye mkono mzuri ninao, na paneli zote ninazoziona Kariakoo zimeshuka bandarini. Kinachotukwamisha hasa ni bei ya mashine, au ni hewa yetu? Maana masika hata wino wa fulana unagoma kukauka.

Mkemia_Ubungo:
Kaka, umegusa penyewe. Kupaka wino si shida, shida ni zile sekunde chache za kukauka.

Wino huo ni chumvi zenye madini ya risasi na iodini, zimeyeyushwa. Ukishaupaka kwenye kioo huwa wa njano. Kiyeyushi kikitoka, fuwele zinajipanga na utando unageuka kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi. Kikitoka taratibu, au mvuke wa maji ukijipenyeza katikati, unapata mabaka na vitundu. Utando wenyewe una unene wa kama nusu maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo kitundu kidogo tu kinatosha kuvujisha umeme.

Siri ya kuchapa kwenye hewa wazi ni kuiwahi hiyo hewa. Mwaka 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliweka bomba mbili zinazofuatana: moja inanyunyiza wino, ya pili inaukausha papo hapo kwa plasma, yaani gesi iliyochajiwa umeme. Kasi ilikuwa mita 12 kwa dakika, na moduli (seli kadhaa zilizounganishwa) zikafikia ufanisi wa asilimia 15.5, yaani sehemu ya mwanga inayogeuka umeme. CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, mwaka 2024 walichapa kwenye plastiki ya kuviringishwa, moduli za sentimita 50 za mraba, wakapata asilimia 11. Zile rekodi za zaidi ya asilimia 26 unazosoma ni za vipande vidogo kuliko ukucha, vya maabara.

Ila kwa mtu wa skrini kama wewe, tazama seli za aina ya kaboni. Unachapa oksidi ya titani, juu yake oksidi ya zirkoni, halafu kaboni, na matabaka hayo yanachomwa kwenye tanuri la nyuzi 400 na zaidi. Mwisho unadondosha wino wa perovskaiti, unanywewa hadi chini. Dhahabu ya kukusanya umeme haihitajiki, kaboni inafanya kazi hiyo. Ufanisi uko chini, lakini kuna mchanganyiko ambao huwekwa kwenye unyevu makusudi baada ya kujazwa ili fuwele zitulie. Hiyo inanipa moyo kuliko plasma, kwa mji kama huu.

Na usichape barazani. Hewa wazi maana yake bila naitrojeni. Chumba kisicho na vumbi na mashine ya kupunguza unyevu bado unavihitaji.

FundiSola_Mbagala:
Mimi nafunga paneli, na mteja wangu swali lake ni moja: itakaa miaka mingapi? Paneli za kawaida za silikoni zinakuja na dhamana ya miaka 25. Nyie wa perovskaiti leteni kwanza cheti cha kukaa saa 1,000 kwenye joto la nyuzi 85 na unyevu wa asilimia 85. Halafu hiyo risasi. Huku kwetu watu wanakinga maji ya bati wanapikia. Paneli ikipasuka mvua inanyesha?

Mkemia_Ubungo:
Fundi, hoja hiyo naiheshimu, na isifichwe hata kidogo. Chumvi hiyo inayeyuka kwenye maji. Kinachofanyika ni kuifungia kati ya vioo viwili, kingo zikazibwa kwa mpira wa butili, na wapo wanaoongeza tabaka la kunasa risasi kioo kikivunjika. Mimi binafsi nisingeiweka juu ya bati linalokinga maji ya kunywa. Ningeanza na taa za barabarani.

Mchapaji_Gerezani:
Nawashukuru sana wote. Basi naanza na kaboni tupu, bila risasi, nijue kama mkono wetu unaweza kutoa tabaka lililo sawasawa kioo kizima. Mkuu wa Ubungo, hilo la kaboni linatakiwa unene gani? Nikijua, nitachagua wavu wa skrini kesho asubuhi.

Mkemia_Ubungo:
Kama maikromita 10. Tabaka la titani ni jembamba zaidi, liache kwanza. Njoo na kioo chako tupime.