Nyimbo zenye namba kwenye jina, we unaikubali ipi?

mtoto_wa_ngamiani: Wakuu mambo, huku Tanga namba tumezizoea manake hata mitaa ya Ngamiani ni barabara ya ngapi na ya ngapi, sasa natafuta nyimbo zenye namba kwenye jina nijaze flashi ya bajaji. Naanza na Number One ya Diamond, 2013.

binti_chuda: Hiyo poa ila mi nipe ile rimiksi na Davido

kaka_pweza: 20 Percent!!

binti_chuda: Huyo msanii bwana, kaulizwa wimbo 😂

babu_raskazone: Wanangu tafuteni 7 Seconds ya Youssou N'Dour na Neneh Cherry, ya 1994. Jamaa anaanza na Kiwolofu, huambulii hata neno ila mwili unasisimka, dada akija kupokea na Kiingereza ndo basi tena. Inaongelea zile sekunde za mwanzo mtoto akizaliwa, hajajua shida za dunia.

mtoto_wa_ngamiani: Shikamoo babu, naishusha sasa hivi

kaka_pweza: Haya 99 Luftballons, Nena wa Ujerumani, 1983. Maputo tu yanapaa watu wanadhani adui, vita hiyo. Abiria watacheza bila kujua wanachezea nini