Waridi zangu zimeota vinundu kwenye matawi, msaada wakuu

Mche_Pekee: Wakuu habari za jioni. Nina mashina 12 ya waridi nyuma ya nyumba, Arusha. Tangu masika yaishe yanaota vinundu, vingi saizi ya karanga, kimoja kama limao pale shina linapoingia udongoni. Nipige dawa gani? Silali.

MamaTatu: Pole kaka. Yangu ilikuwa hibiskasi, vidung'ata vyeupe kama pamba. Nilisugua kwa maji ya sabuni wiki nzima huku baba watoto ananicheka. Viliisha.

Jembe_Butu: Kwaruza kwa ukucha. Kikibanduka, ni mdudu. Kikigoma, kikate uone ndani kama kuna funza.

Mche_Pekee: Hakibanduki. Ndani hamna funza, mti mtupu.

Kiroboto: Mkuu, jirani yako anakusalimia vizuri siku hizi?

Jembe_Butu: Mwacheni jirani wa watu. Hao ni bakteria, Agrobacterium. Wanapitia kwenye jeraha na kuulazimisha mti uote uvimbe. Dawa ya kuponya hakuna. Ng'oa na mizizi, choma, na hapo usirudishie waridi kwa miaka kadhaa. Makasi yafute kwa spiriti. Je, umekata pingili kwenye mashina hayo?

Mche_Pekee: Makasi ni yangu mwenyewe, siazimi.

Jembe_Butu: Sijauliza ni ya nani.

Mche_Pekee: Nilikata mwezi wa nne. Viriba 60. Mteja kalipa nusu, na hela imeshaenda kwenye ada. Ila miche ni misafi, nimekagua mmoja mmoja.

Jembe_Butu: Nundu huchelewa. Unamuuzia mtu ugonjwa.

Mche_Pekee: Rahisi kusema. Nikirudisha hela mtoto akasomee kwako? Nitamwambia apige dawa ya ukungu, yaishe.

Jembe_Butu: Ukungu na bakteria wapi na wapi?

Mzee_wa_Ushahidi: Subirini kwanza. Januari ulifungua uzi hapa, upo chumba kimoja Mbagala, unatafuta kazi ya ulinzi. Leo waridi 12 Arusha? Hii chai haina hata tangawizi. Picha!

Mche_Pekee: Nilihamia kwa shemeji. Picha kesho, kamera ya simu imepasuka.

Kiroboto: Humu kamera hupasuka siku ya kuombwa picha tu.

MamaTatu: Na hiyo bustani basi ni ya shemeji? Anajua unauza?

Mteja_Mpole: Mimi nipo Usa River. Mkimaliza kubishana, huo mche bei gani?