Mtu na shogake wataka kwenda vitani ng'ambo: tuwape dua au tuwazuie?

Mkaaji wa Langoni (mwanzilishi wa mjadala)

Assalaam alaikum jamaa. Naleta hapa jambo lililotugawa barazani tangu Ijumaa, mpaka wacheza bao wawili hawasemezani.

Kuna wasichana wawili wa hapa Lamu, majina nayahifadhi. Ni mashoga kwa maana yetu ya asili, marafiki wa kike walioshibana: wamekua pamoja, chuo kimoja, mwalimu mmoja, fimbo moja. Mmoja amesomea uuguzi na hajaajiriwa. Mwengine anauza mahamri na mbaazi mlangoni kwao, na anayemjua anajua foleni ya pale asubuhi. Wamepata nafasi kwa shirika moja la Ulaya: kujitolea Ukraine, kuhudumia askari wanaotolewa mstari wa mbele. Muuguzi awe kwa majeruhi, shogake awe jikoni. Mshahara hakuna, tikiti, chakula na malazi ni juu ya shirika. Mamake mmoja analia. Babake wa pili amenyamaza, na kwa mzee yule kunyamaza ni kubaya kuliko kulia.

Nasema msimamo wangu mapema: mimi naona waende, kwa masharti. Na tusipotezeane muda kuulizana kama mwanamke aweza. Mwaka 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Elsie Knocker, muuguzi wa miaka 30, alikuwa na rafiki wa miaka 18, Mairi Chisholm. Urafiki wao ulianzia kwenye pikipiki, maana wote walikuwa waendeshaji hodari. Wakatoka Uingereza na kikosi cha magari ya wagonjwa mpaka Ubelgiji. Huko Elsie akaona kwamba askari wengi wanafia njiani. Mtu amejeruhiwa, mwili umepoa, anapakiwa garini na kurushwarushwa kwenye mashimo hadi hospitali iliyo mbali, akifika, amekwisha. Novemba ya mwaka huo wakajitoa kikosini, wakahamia kijiji cha Pervyse, nyuma kidogo tu ya mahandaki, wakaingia kwenye chumba cha chini ya nyumba iliyobomolewa na mizinga. Wakawa wanamfunga mtu jeraha, wanampasha joto, anatulia, ndipo anasafirishwa. Usiku wanapeleka supu na kakao kwa walio zamuni. Fedha walichangisha wenyewe, wakirudi kwao kuomba. Walidumu mpaka 1918, gesi ya sumu ilipowapata wote wawili.

Watu wawili. Angekuwa mmoja, sidhani angemaliza wiki. Basi semeni.

Mzee wa Bao

Alaikum salaam mwanangu. Mimi ni mmoja wa hao wasiosemezana, na huyo mwengine anasoma hapa, namsalimu.

Habari za Ubelgiji ni nzuri lakini si hoja kwetu. Msichana wa Kiislamu asafiri bila mahram, yaani bila mume au mwanamume wa jamaa yake wa karibu, siku na siku, aende akalale kambini kati ya wanaume wenye bunduki? Hata vita visingekuwapo, hilo lenyewe lingetosha. Si kwamba nawadharau. Nawajua tangu wakiwa wanarushiana makokwa ya ukwaju.

Bint Mkomani

Ami, shikamoo. Kwa heshima zote, tusome na kwetu. Rufaida al-Aslamiyya, mwanamke wa zama za Mtume, alikuwa na hema msikitini Madina, na sahaba Saad bin Muadh alipojeruhiwa vita vya Khandaq ndimo alimowekwa. Na Rubayyi bint Muawwidh amepokewa katika Sahihi ya Bukhari akieleza kwamba walikuwa wakitoka na Mtume, wakiwanywesha watu maji, wakiwahudumia, wakiwarudisha majeruhi na waliokufa Madina. Hakusema walikuwa wakiangalia kwa dirishani.

Ukitaka suala la mahram tulijadili, tulijadili. Lakini usiseme kazi yenyewe ni ya Wazungu.

Mzee wa Bao

Marahaba. Sikusema kazi ni ya Wazungu. Hao uliowataja walitoka na Mtume, na waume zao na ndugu zao wako palepale. Hawa wanatoka na nani? Na barua pepe?

Nahodha Mstaafu

Hahaha, "na barua pepe". Mzee leo umefunga goli.

Nesi Aliyestaafu, Mokowe

Nimefanya kazi wodini miaka 31, nimeosha vidonda vya watu niliowapenda na vya watu niliowachukia, kwa hiyo nisikilizeni.

Mwenzetu amechanganya vitu viwili. Mwaka 1859, baada ya vita vya Solferino huko Italia, wanawake wa mji wa Castiglione waliwahudumia majeruhi wa pande zote, Waaustria na Wafaransa, wakisema wote ni ndugu. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, aliyaona hayo, na Msalaba Mwekundu ukazaliwa humo. Askari aliyeanguka si askari tena, ni mgonjwa. Sheria inamtambua hivyo, na Mkataba wa Geneva wa 1949 unamlinda yeye na anayemtibu, ilimradi huyo anayetibu awe ameidhinishwa, na alama anayovaa ndiyo inayomtambulisha.

Lakini yule wa jikoni? Askari mzima anayekuja kunywa chai, kula, kutabasamiwa, kisha akachukua bunduki na kurudi, huyo hakuhudumiwa kama mgonjwa. Ametiwa nguvu akaendelee kuua. Mnajua asili ya donati za Wamarekani vitani? Mwaka 1917 Ufaransa, wanawake wawili wa Jeshi la Wokovu, Helen Purviance na Margaret Sheldon, walikaanga donati kwa ajili ya askari, saba saba kwenye kikaangio kidogo, Helen amepiga magoti mbele ya jiko. Siku ya kwanza 150. Wema, sikatai. Lakini baadaye jambo likawa mpango kamili: Vietnam, kati ya 1965 na 1972, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulipeleka wasichana zaidi ya 600 waliomaliza chuo kikuu, kazi yao kucheza michezo na askari na kuwachangamsha. Wachangamke kwa ajili gani? Kila mtu alijua.

Kwa hiyo jibu langu: muuguzi aende, muuza mahamri abaki.

Bint Mkomani

Mama, hapo umewatenganisha kama samaki na mwiba!

Mtu wa Malindi

Mimi ni Mgiriama, nimezaliwa Malindi, na nimeisoma hii "1914" yenu huku nikitikisa kichwa. Mwaka huohuo mnaowasifu wanawake wawili kwa kwenda vitani, huku kwetu Waingereza walilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, kwa baruti, kwa sababu walikataa. Walikataa kodi, walikataa kupelekwa kufanya kazi mashambani mwa watu, na walikataa vijana wao wachukuliwe. Aliyewakusanya watu wakakataa ni mwanamke, Mekatilili wa Menza, akakamatwa akapelekwa mbali magharibi ya Kenya. Sanamu yake iko hapa mjini, nendeni mkaitazame.

Vijana wa Afrika Mashariki waliochukuliwa baadaye kubeba mizigo ya vita hivyo, waliokufa kwa kuhara na njaa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, ndiko lilikotoka jina la Kariakoo. Wanawake walikuwamo humo pia: misafara ya askari wa Kijerumani Tanganyika ilifuatwa na wake zao, wakipika, wakibeba, wakijifungua njiani. Hakuna aliyewaita wajitoleaji wala aliyewapa nishani. Mairi na Elsie walipewa na mfalme wa Ubelgiji.

Kwa hiyo swali langu si la mahram wala la chai. Vita hivi ni vya nani? Mimi na Ukraine tuna deni gani?

Mkaaji wa Langoni

Ndugu wa Malindi, hapo umenigusa na sina jibu la haraka. Nitasema tu kwamba Mekatilili alikataa watu wachukuliwe. Hawa hawakuchukuliwa, wameomba.

Mama Nesi, wewe nakubishia. Rudi Pervyse. Elsie aligundua nini? Kwamba joto ni dawa. Blanketi, kinywaji cha moto chenye sukari, mtu wa kukushika mkono dakika kumi kabla ya kupakiwa garini. Kakao ile ile aliyokunywa mzima zamuni ndiyo aliyonyweshwa majeruhi. Utaweka wapi mpaka, kwenye birika? Na tena, hawa wakitenganishwa hakuna anayekwenda. Wameniambia wenyewe.

Nesi Aliyestaafu, Mokowe

Mpaka nauweka kwa anayekunywa, si kwa birika. Na majeruhi wengine hawatakiwi kunyweshwa kitu kabisa, wanasubiri kupasuliwa. Shogake atalijua hilo? Lakini hilo la kutotenganishwa nimelisikia. Nilipokuwa kazini, usiku ulionishinda ni ule niliokuwa peke yangu wodini. Basi asome huduma ya kwanza, ashike machela, aache karai. Hapo nitanyamaza.

Kijana wa Kizingitini

Samahani wakubwa zangu, nyote mnazunguka. Huyu muuguzi kama angekuwa na kazi hapa, angewaza Ukraine? Msitu wa Boni uko hapa hapa Lamu. Operesheni ya kijeshi iko huko tangu 2015, zahanati za vijiji vya Waboni zilifungwa muda mrefu kwa sababu ya usalama, mama akishikwa na uchungu usiku anabebwa. Askari wetu nao wanakanyaga mabomu ya barabarani. Wanaotaka kuhudumia askari, askari wako hapa. Wanaotaka kuhudumia raia, raia wako hapa. Ila hapa hakuna tikiti ya ndege, au siyo?

Na jambo jengine. Mwaka 2024 iliripotiwa wasichana wa Kiafrika, na wa kutoka Kenya wamo, walivyopelekwa Tatarstan nchini Urusi kwa ahadi ya kazi na masomo, wakajikuta kiwandani wanaunganisha droni za vita hivihivi. Nao waliomba, Bwana wa Langoni. Walijaza fomu kwa mikono yao.

Nahodha Mstaafu

Hapo sicheki tena.

Mwalimu wa Historia, Malindi

Niongeze moja tu, maana haisimuliwi. Februari 1944 meli SS Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani mlikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wetu wanaopelekwa upande wa Burma, na pamoja nao wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani ikaipiga, ikazama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Wanawake 77. Waliookoka katika wanawake ni sita.

Silisemi hili kuwatisha. Walikuwa wakienda kuwahudumia askari ambao baadhi yao ni babu zetu, na wamelala nao bahari moja, hii hii tunayovua.

Mama Mtu

Mimi ndiye mama anayelia. Nimesomewa haya yote na mwanangu mdogo.

Siogopi watu kusema. Nimeolewa mara tatu hapa Lamu, maneno ya watu nimeyazoea. Wala sikatai thawabu. Nauliza kitu kimoja na hakuna aliyenijibu, si shirika, si mwanangu: akifa atazikwa wapi, na nani atamuosha? Mwalimu umetaja hao wa baharini nimekaa chini.

Mzee wa Bao

Mwanangu, pole sana. Hilo ndilo nililokuwa nikilisema kwa jina la mahram. Pengine sikulisema vizuri.

Mkaaji wa Langoni

Mama, naomba radhi kwa kulileta jambo lako hadharani.

Masharti niliyoyataja mwanzo sasa nayasema kwa maneno ya Mama na ya huyu kijana wa Kizingitini. Waandikiwe karatasi, si ya kukubaliwa tu, bali ya kurudishwa: nani anamrejesha akiwa mzima, nani akiwa amekatika mguu, nani akiwa maiti, na kwa fedha ya nani. Karatasi hiyo isomwe na wakili hapa kabla ya pasipoti kupigwa muhuri. Mary Seacole wa Jamaica alikataliwa kwenda vita vya Crimea na waliopeleka wauguzi, akajipeleka kwa fedha zake mwaka 1855, akawalisha na kuwatibu askari wa Uingereza, na vita vilipokwisha alirudi London amefilisika. Shirika likikataa kuandika, basi tumeshajibiwa, na mimi mwenyewe nitakwenda kukaa mlangoni kuwazuia.

Bint Mkomani

Na ushoga wao? Elsie na Mairi walimalizaje?

Mkaaji wa Langoni

Ulikuwa hutakiwi kuuliza. Walivunjika. Elsie alijiita mjane, akaolewa na baroni wa Kibelgiji kulekule vitani, kumbe alikuwa ameachwa talaka. Ilipojulikana, Mairi alijiona amedanganywa, na urafiki ukafia hapo. Mizinga ya miaka zaidi ya mitatu haikuwatenganisha, talaka ikawatenganisha.

Mama Mtu

Kwa talaka? Basi hao hawakuwa mashoga.

Mkaaji wa Langoni

Nimetoka kwao sasa hivi, baada ya Isha. Wamesoma yote, mpaka ya Mama. Barua ya kuomba ile karatasi wameiandika mbele yangu na kuituma, shirika halijajibu. Yule wa mahamri ameuliza kitu kimoja tu, nami nakileta hapa kama alivyokisema: jikoni hataki tena, anataka gari la wagonjwa, na kisiwa chetu hiki ni cha punda. Nani anafundisha udereva Mokowe, na ni pesa ngapi?

Nesi Aliyestaafu, Mokowe

Mwambie aje kwangu Jumamosi, boti ya kwanza. Mpwa wangu anafundisha. Na aje na mahamri.