Gundi gani haili povu la ndege ya rimoti?

Swali: Jamani, nimepaka supa gluu kwenye kiungo cha bawa, lile povu jeupe la chembechembe. Limeyeyuka nikiliona, limeacha shimo la kuingia kidole. Nitumie nini?

Jibu: Pole sana. Supa gluu ya kawaida hula povu la EPS, yaani hilo jeupe la chembechembe. Hapo katikati ya bawa ndipo mzigo wote unapokaa, kwa hiyo weka epoksi, gundi ya kuchanganya sehemu mbili, ile inayoganda kwa dakika 30. Ya dakika 5 itakuganda mkononi kabla hujanyoosha bawa. Paka kidogo, epoksi ni nzito! Funga tepu, liache usiku kucha.

Jibu: Lingekuwa EPO, aina nyingine ya povu iliyo ngumu kuvunjika, supa gluu ingeshika vizuri tu.

Muulizaji: Nimejaribu epoksi kwenye kipande. Nilipokivunja, limekatika povu, kiungo kimebaki kizima. Nashukuru mno.