Majivu, pudre ao sindano: nini inamaliza kweli vidudu vya kuku?

mama_ndosho (Goma)
Jambo bote. Niko na kuku 14 za kienyeji, wiki tatu sasa zinajikuna, mayai imepunguka na jogoo upanga wake umepauka. Juzi usiku niliingiza mkono mu kibanda nitoe yai, mkono ukarudi na tuvidudu tudogo tunapanda mpaka ku kiwiko, sikulala. Jirani anasema majivu, mwingine pudre ya veterineri, kaka yangu anataka tupige sindano ya ng'ombe. Nyie mulijaribu gani? Feza iko ya njia moja tu, ingine ni minervali ya mtoto.

katindo_kuku (Goma)
Mama, mbele ya kununua ujue kwanza ni mududu gani. Mchana shika kuku, fungua manyoya chini ya mkia. Ukiona vya rangi ya majani makavu vinakimbia, na mayai yao meupe yameshikana ku shina la nyoya, ile ni chawa, inaishi juu ya kuku usiku na mchana. Lakini yako inapanda mkono usiku, mimi naona ni utitiri mwekundu. Ule mchana haukai ku kuku, unajificha mu nyufa za mbao, giza ikiingia njo unatoka kunyonya damu. Usiku pitisha kitambaa cheupe chini ya mti wa kulalia, kikitoka na alama za damu umepata jibu. Na hapa Goma vibanda vyetu vingi ni vya mbao, kila ufa ni nyumba yao, utapaka kuku pudre kila siku na wenyewe wako wanangojea mu ukuta.

bibi_birere (Goma)
Majivu musiidharau! Kuku inajitunza yenyewe kwa kuoga vumbi, sasa sisi tuko juu ya mawe ya Nyiragongo, tangu lava ya 2002 parsele yetu haina udongo, itaoga wapi? Mimi nimeweka beseni kubwa, majivu ya makala na mchanga mukavu, chini ya bati, kwa sababu majivu ikiloa inaunguza miguu. Kwa kuzuia ni muzuri sana. Kwa kuku ambayo imeshajaa, hapana, haitoshi.

kadutu_elevaji (Bukavu)
Mimi nilichovya kuku mu dawa ya kupuliza nyanya, muuzaji aliniapia haina shida. Kuku sita zilikufa mbele ya jioni, na moja ilikuwa imelalia mayai. Tafazali wazazi, dawa ya shamba isiguse kuku. Kama shida ni magamba ya miguu yameinuka, ule ni utitiri mwingine kabisa, osha miguu na sabuni, paka vaselini nyingi mara kwa mara, usibandue magamba.

katuba_veto (Lubumbashi)
Sindano ya ng'ombe ni ivermektini, imetengenezwa kwa nyama ya kilo mia na mia, kuku ya kilo moja na nusu ukikosea tone umezidisha. Chawa ya kuku haimalizi vizuri juu hainywi damu sana, inakula manyoya na ngozi. Na mayai ya kuku yenye imepigwa sindano huwezi kula wala kuuza mpaka veterineri akupe siku. Pudre ya permetrini njo mimi nachagua, chini ya mabawa na kuzunguka mkundu, unarudia kisha siku 7 mpaka 10 juu haiui mayai ya vidudu. Ile ya maua ya pareto, yenye inalimwa huko kwenu Kivu, ni ileile familia, lakini jua inaivunja haraka, uiweke mangaribi. Beseni ya kupakia pudre usioshee mu ziwa, zote mbili zinaua samaki.

mama_ndosho (Goma)
Kitambaa kimetoka na damu. Nikihamisha kuku mwezi moja kibanda kikae tupu, si watakufa na njaa?

katindo_kuku (Goma)
Hawafi mama, wanaweza kukaa miezi mingi bila kula. Feza ya sindano achana nayo. Toa miti yote ya kulalia, choma matandiko ya viota, mwaga maji yenye kuchemka mu kila ufa, ikikauka ziba na chokaa. Kisha njo pudre, ku kuku na ku mbao. Siku ya saba unarudia yote, hata kama hauone kitu.

mama_ndosho (Goma)
Sawa papa. Kesho natuma watoto watafute kuni.